Bustani ya Mtaa ni Shule ya Ujirani

Wahenga walisema ya kwamba heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Neno hili twalijua sote, na twalisema kwa wepesi. Lakini yafaa tujiulize leo: Je, kila akaaye karibu nasi ni jirani? Mjini mtu aweza kukaa miaka mitano katika nyumba moja na wapangaji wa vyumba sita, akateka maji katika bomba moja nao, akapita mlango mmoja nao asubuhi na jioni, wala asijue jina la mama aliyefiwa na mtoto wake chumba cha pili. Ukuta mmoja tu wawatenganisha, walakini wao kwa wao ni wageni. Kukaa karibu ni jambo moja, na ujirani ni jambo jingine. La kwanza hupatikana kwa kulipa kodi ya nyumba; la pili halina budi kufanyiwa kazi.

Basi wiki hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya kazi moja iliyofanyika katika mji wa New York, huko Marekani, tangu mwaka 1973. Hatuileti kwa sababu mji huo ni mkubwa na mashuhuri. Twaileta kwa kuwa ilifanywa na watu wa kawaida, wengi wao maskini, wenye asili na lugha mbalimbali, katika mitaa ambayo wakubwa walikuwa wameikatia tamaa. Nao walitumia sepetu, reki na mbegu. Tena twaileta kwa kuwa yaliyowapata baadaye yana fundisho ambalo kila mtaa wa mjini wapaswa kulijua mapema, kabla ya kuchelewa.

Mtaa ulioachwa

Katika miaka ya 1970 mji wa New York ulipatwa na shida kubwa ya fedha, hata mwaka 1975 ukakaribia kufilisika. Viwanda vingi vilikuwa vimefungwa au kuhamishwa, na watu wengi wenye uwezo walikuwa wamekwenda kukaa nje ya mji. Katika mitaa ya Lower East Side, katika Bronx ya kusini na sehemu za Brooklyn, wenye nyumba wengi waliona ya kuwa kodi wanayoipata haitoshi kulipia ushuru na matengenezo, wakaziacha nyumba zao. Nyumba nyingi ziliungua: nyingine kwa bahati mbaya, nyingine kwa makusudi, ili mwenyewe alipwe fedha za bima. Nyingi kati ya nyumba zilizoachwa ziliangukia mikononi mwa serikali ya mji kwa sababu ya ushuru usiolipwa. Zikabomolewa, na mahali pake pakabaki viwanja vitupu, maelfu kwa hesabu.

Kiwanja kitupu katikati ya nyumba za watu si kitu kidogo. Kilijaa vifusi, magodoro yaliyotupwa, vipuri vya magari na panya. Wauzaji wa dawa za kulevya wakakifanya maficho yao. Wazazi wakawakataza watoto wasipite karibu; wazee wakaacha kukaa nje jioni; kila mtu akaongeza kufuli katika mlango wake. Hivyo mahali pasipo na mtu palianza kuwatawala walio na watu. Na kadiri majirani walivyozidi kujifungia ndani, ndivyo kiwanja kile kilivyozidi kuwa kibaya, kwa maana hapakuwa na jicho la kukitazama wala mkono wa kukisafisha.

Waliosema: Tuanze sisi

Mwaka 1973 msanii mmoja jina lake Liz Christy, aliyekaa Lower East Side, alikusanyika na majirani na rafiki zake. Walijiita Green Guerillas, jina la mzaha lenye maana ya wapiganaji wa msituni wanaopigania majani mabichi. Walichukua mbegu, maji na mbolea, wakazitia pamoja katika vifurushi vidogo na vipira, wakazirusha juu ya wigo zikaangukie ndani ya viwanja vilivyofungwa. Kisha walikwenda mbali zaidi. Katika pembe ya barabara za Bowery na Houston palikuwa na kiwanja kilichojaa takataka. Wakaingia, wakakisafisha, wakaleta udongo mzuri na kujenga wigo. Mwezi wa Aprili mwaka 1974 serikali ya mji ilikubali kuwakodisha kiwanja kile kwa dola 1 kwa mwezi.

Walitengeneza humo matuta 60 ya mboga, nayo yaliinuliwa juu ya ardhi na kujazwa udongo mpya. Huenda msomaji akauliza, kwa nini wasilime chini kama watu wote? Sababu ni hii: udongo wa viwanja vya namna ile aghalabu una madini ya risasi, yaliyotoka katika rangi za zamani za nyumba na moshi wa magari ya miaka ile. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kwa hiyo hata leo wakulima wa mji ule hupima udongo kwanza, na wengi hupanda katika masanduku ya mbao yenye udongo na mboji iliyoletwa kutoka penginepo.

Liz Christy alifariki mwaka 1985, na bustani ile ikaitwa kwa jina lake. Ipo hata sasa. Lakini mfano ulikuwa umekwisha kuenea. Mwaka 1978 serikali ya mji yenyewe ilianzisha mpango uitwao GreenThumb, wa kuwapa majirani ruhusa ya kutumia viwanja kwa malipo kidogo sana, pamoja na udongo, mbao na vyombo vya kazi. Leo mpango huo wasaidia bustani zaidi ya 550.

Katika Bronx, watu waliotoka kisiwa cha Puerto Rico walifanya kwa desturi yao. Katikati ya mboga walijenga kibanda cha mbao chenye baraza mbele, kama nyumba za mashambani kwao, wakakiita casita, yaani kijumba. Mojawapo ya bustani hizo ni Rincón Criollo, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970 na José Soto pamoja na majirani zake. Hapo wazee walicheza domino barazani, na vijana wakafundishwa ngoma za kwao ziitwazo bomba na plena. Katika Bronx hiyohiyo, mwaka 1988, Bibi Karen Washington, aliyefanya kazi ya kutibu viungo vya wagonjwa, alimwona jirani wa ng'ambo ya barabara akiwa na vyombo vya kuchimbia katika kiwanja kitupu. Alimwuliza anafanya nini, naye akamjibu kwamba afikiri kufanya bustani. Akaomba kumsaidia. Kwa maneno machache kama hayo ilianza bustani iliyopewa jina la Bustani ya Furaha.

Kwa nini bustani huwaunganisha watu

Tusidhani ya kuwa mboga zina uganga ndani yake. Bustani huwaunganisha watu kwa sababu zinazoeleweka, na yafaa tuzitaje moja moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ya mikono hugeuza vyeo. Katika mitaa ile walikuwapo wazee Weusi waliohama kutoka mashamba ya majimbo ya kusini ya Marekani, na wazee waliotoka vijiji vya Puerto Rico. Mjini hawakuhesabiwa kuwa wajuzi. Wengine hawakusema Kiingereza vizuri, wengine hawakusoma sana. Lakini lilipokuja suala la lini kupanda maharagwe, jinsi ya kuegemeza nyanya kwenye kijiti, au namna ya kuotesha kolardi, mboga iliyo ndugu ya sukuma wiki yetu, wao ndio waliokuwa walimu. Kijana mwenye elimu alisimama kando ya tuta akauliza, na mzee akajibu. Mtu aliyeheshimiwa kwa alijualo hujitokeza nje. Hana haja ya kujificha ndani.

Ya pili, bustani ina kilicho cha mtu na kilicho cha wote. Kila jamaa ina tuta lake, na asiyepalilia huvuna magugu yake mwenyewe. Kwa hiyo mvivu hawezi kujificha nyuma ya jasho la wengine. Lakini wigo ni wa wote, ufunguo ni wa wote, lundo la mboji ni la wote, na maji ni ya wote. Katika New York bustani nyingi huchota maji katika mabomba ya zimamoto yaliyo barabarani, kwa kibali cha serikali ya mji. Basi lazima awepo wa kutafuta kibali, wa kuunga mpira, wa kufungua na wa kufunga. Haiwezekani kumwagilia bila kupatana na mwenzako. Mambo haya madogo ndiyo huwalazimisha watu kusemezana.

Ya tatu ni muda. Mkutano wa mtaa huisha kwa saa mbili, watu wakarudi makwao kama walivyokuja. Nyanya yataka miezi. Tangu kupanda hata kuvuna majirani wale huonana mara nyingi, katika jua na katika mvua, wakiwa wamechafuka mikono. Hujua nani amelazwa hospitali, kwa kuwa tuta lake limekauka. Humwagilia, kisha huenda kumtazama. Hapo ndipo jina la jirani hujulikana bila kuulizwa.

Ya nne, mazao huzidi. Hakuna nyumba iwezayo kula pilipili zote za mche mzuri. Yanayobaki hupelekwa kwa mwingine, na anayepokea hapendi kurudisha chombo kitupu. Desturi hii ya sahani inayokwenda na kurudi watu wetu wa pwani na wa bara waijua tangu zamani. Mjini ilipotea kwa sababu kila kitu hununuliwa kwa fedha, na fedha haidai kurudishiwa sahani.

Walakini hatutaki kusema uongo kwa kusifu kupita kiasi. Bustani huleta ugomvi pia. Nyanya huibwa usiku wa kuamkia siku ya kuvuna. Wapenda maua hugombana na wapenda mboga. Kundi dogo laweza kushika ufunguo na kuifanya bustani ya mtaa kuwa bustani yao. Kwa sababu hiyo mpango wa GreenThumb wazitaka bustani zake ziwe wazi kwa watu wote saa zisizopungua 20 kila wiki, tangu Aprili hata Oktoba. Ni sheria njema, kwa maana wigo uliojengwa kumzuia mwizi ukiachwa huishia kumzuia jirani.

Ushahidi kutoka mji wa pili

Mtu aweza kusema: Haya yote ni masimulizi mazuri, lakini yamepimwa na nani? Kipimo kimoja kilifanyika katika Philadelphia, mji usio mbali na New York, ambao nao ulikuwa na viwanja vitupu maelfu. Wataalamu walichagua viwanja 541, wakavigawa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu moja lilisafishwa, likasawazishwa, likapandwa nyasi na miti michache, na kuwekewa wigo mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita. Fungu la pili liliondolewa takataka na kukatwa nyasi. La tatu liliachwa kama lilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokaa karibu na viwanja vilivyotengenezwa walisema wanatoka nje kupumzika na kuzungumza na wenzao kwa asilimia 76 zaidi, na hofu yao ya kutoka nje ilipungua kwa asilimia 58. Katika mitaa iliyo maskini sana, matendo ya watu kupigana kwa bunduki yalipungua kwa asilimia 29.

Viwanja vile havikuwa bustani za mboga. Vilikuwa nyasi na miti tu. Lakini kama kiwanja kilichosafishwa na kutunzwa chaweza kufanya hayo, basi hatuna sababu ya kudharau kiwanja ambacho majirani wenyewe hukilima kila wiki.

Ardhi ni ya nani?

Sasa tumefika kwenye jambo lililo gumu. Majirani wa New York walifanya kazi miaka 20 na zaidi, mitaa ikapendeza, watu wakarudi, na bei ya ardhi ikapanda. Kiwanja ambacho zamani hapakuwa na wa kukitaka kikawa cha thamani. Nao majirani, ingawa walikuwa na funguo mikononi, hawakuwa na hati. Ardhi ilikuwa ya serikali ya mji, nao walikuwa wamepewa kwa muda tu.

Mwaka 1999 serikali ya mji, chini ya meya Rudolph Giuliani, ilitangaza mnada wa bustani zaidi ya 110. Watu walilalamika, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Siku moja tu kabla ya mnada, mashirika mawili, Trust for Public Land na New York Restoration Project, hili la pili likiwa limeanzishwa na mwimbaji Bette Midler, yalikubaliana kuzinunua kwa dola milioni 4 na zaidi kidogo. Bustani hizo ziliokoka. Lakini zilikuwapo nyingine ambazo hazikuwa katika mapatano hayo.

Moja iliitwa Esperanza, maana yake Tumaini, iliyokuwa katika barabara ya 7 Mashariki tangu mwaka 1977. Mwezi wa Februari mwaka 2000 watu walilala humo katika baridi kali ili kuilinda. Tarehe 15 polisi walifika, wakawakamata watu zaidi ya 30, na tingatinga likaivunja bustani. Siku iyo hiyo mahakama ilitoa amri ya kusimamisha kwa muda uuzaji wa bustani za namna hiyo. Lakini kwa Esperanza amri hiyo ilikuwa imechelewa. Mahali pake pamejengwa jumba la kupangisha. Mwaka 2002 serikali ya mji, chini ya meya mpya, Michael Bloomberg, ilipatana na mwanasheria mkuu wa jimbo: bustani mamia zihifadhiwe, na nyingine zitolewe kwa ujenzi wa nyumba kwa utaratibu uliowekwa.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Waliotaka kujenga walikuwa na hoja: watu wengi wa mji ule walihitaji, na wangali wanahitaji, nyumba za bei nafuu. Baba anayelala chumba kimoja na watoto watano hawezi kuambiwa ya kwamba maua ni bora kuliko paa. Tena yawezekana kupatana kwa heshima. Rincón Criollo, tuliyoitaja juu, ilihamishwa mwaka 2006 ili kupisha nyumba, lakini ilipewa mahali pengine karibu na pale pa kwanza. Watu wakachukua ngoma zao na desturi zao wakaendelea. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kosa ni kuwaacha watu waifanye ardhi kuwa njema kwa jasho lao, kisha siku inapopata bei kuwatendea kama wavamizi. Ikiwa kazi yao ndiyo iliyoleta thamani, je, ni haki waondoke mikono mitupu?

Mafundisho tuyapatayo

Wasomaji wetu wakaao mijini, wakiona kando yao kiwanja cha shule, cha mtaa au cha halmashauri kilichoachwa kuwa jaa la takataka, wasiseme haraka kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Wala wasiingie kwa pupa. Kwa yale tuliyoyaona, twaweza kushauri mambo manne.

La kwanza, anzeni na watu kabla ya mbegu. Piteni nyumba kwa nyumba. Mwulizeni hata yule asiyewasalimu. Bustani inayoanzishwa na marafiki watatu peke yao hubaki ya marafiki watatu.

La pili, tafuteni mwenye ardhi na mpatane kwa maandishi: ni kwa miaka mingapi, kwa malipo gani, na kama ardhi itatakiwa, mtapewa taarifa ya muda gani na kiwanja gani badala yake. Fanyeni hivyo kiwanja kingali kibaya. Kikiisha kupendeza, wa kutaka kupatana nanyi atakuwa adimu.

La tatu, jueni udongo na maji yenu. Ulizeni wazee mahali pale palikuwa na nini zamani. Kama palikuwa na gereji, kiwanda au jaa, msile mboga za hapo kabla ya udongo kupimwa, au jengeni matuta yenye udongo mwingine.

La nne, andikeni kanuni chache na kuzishika: nani ana ufunguo, zamu ya maji ni ya nani, aliyeacha tuta lake muda gani atanyang'anywa, mavuno ya matuta ya pamoja yatakwenda wapi. Kanuni zikikosekana, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa kanuni.

Wako watakaotucheka wakisema kwamba fungu la mchicha halitaponya umaskini wa mji. Ni kweli, wala hatukusema litauponya. Tumesema ya kuwa watu waliozoea kugawana maji ya bomba moja kwa haki wamekwisha jifunza namna ya kusimama pamoja siku ya shida. Wale waliolala Esperanza katika baridi hawakuwa ndugu wa damu. Wengi walikutana kwa ajili ya bustani. Bustani ile waliipoteza. Lakini kwa sababu ya kelele zao na za wenzao, mamia ya bustani nyingine zimebaki, na watoto wa mitaa ile hucheza humo hata leo.

Basi wewe msomaji, jioni ya leo, utakaporudi nyumbani, tazama kile kiwanja kilicho kando ya mlango wako. Kabla ya kuuliza ni cha nani, mwulize jirani wa chumba cha pili jina lake. Ya jembe mtayazungumza kesho.